Eti "mwasi" inatokana na WASIWASI?? Wakuu leo nimedhalilishwa mbele ya wakwe

Wakuu nimetoka kikao cha harusi sasa hivi, hata viatu sijavua, nina hasira mpaka simu inatetemeka. Ni yule mzee wa kila kikao, mnamjua, msinifanye nimtaje, yule ambaye hata akipimwa presha anamfundisha daktari.

Tulikuwa tunamsubiri mhasibu, mjomba wa mchumba wangu akauliza kwa kupiga stori tu, mabaharia wakimgeuka nahodha wao tunawaitaje? Nikajibu kistaarabu, waasi, mjomba, mmoja ni mwasi, limetoka Kiarabu, kukaidi amri, ndo humohumo tukapata kuasi, uasi na maasi. Nikampa na mfano wa meli ya Bounty, 28 Aprili 1789, Fletcher Christian na wenzake walimkurupusha nahodha Bligh kitandani alfajiri wakamshusha kwenye mashua yeye na watu 18, halafu miche ya shelisheli zaidi ya 1,000 waliyoibeba kutoka Tahiti wakaitosa baharini. Mjomba kaingia kabisa, mahari iliyobaki naiona inasamehewa.

Mara huyo. Kacheka kwanza. "Mwasi ni mwenye wasiwasi. Baharia akikaa sana majini anaingiwa wasiwasi, ndo anageuka." Halafu wakuu AKANIPIGAPIGA KICHWANI. Mimi, miaka 34, nina ndevu. "Kunywa soda, mwanangu." Ukumbi mzima ukacheka, hadi kuna kitoto kilikuwa kimelala kikaamka kije kucheka.

Ingekuwa wasiwasi si tungesema wawasiwasi?? Wasiwasi ni Kiarabu kingine kabisa, ile minong'ono ya shetani moyoni. Ila nani atakusikiliza ukishapigwapigwa kichwani? Kichwani wakuu! Na soda yenyewe ya moto.

Jongoo_Mjini: Mkuu, soda ulikunywa au hukunywa? Anza na hilo.

Mleta uzi: Nilikunywa. Ningefanyaje mbele ya wakwe.

Bi Mkorofi: Hahahaaa mwasi gani anakunywa soda aliyoamriwa. Wenzio walitosa miche 1,000, wewe chupa moja imekushinda.

Kuli_Mstaafu: Mzee kakosea neno ila mabaharia anawajua. Wale Warusi wa meli ya kivita ya Potemkin, walioasi 1905, walianza na nyama yenye funza, daktari wa meli anawaambia nzima hiyo, ioshwe tu. Hapo nani asingekuwa na wasiwasi?

Mleta uzi: Wasiwasi wanaweza kuwa nao, NENO ndo halitoki huko! Na hoja sio nyama, hoja ni kichwa changu.

Kamusi_Kubwa: Halafu mwasi sio lazima awe wa majini. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati ule, waliasi palepale Dar, kambini Colito, wanataka mishahara ipande na maofisa wa Kiingereza waondoke, na meli hapo hakuna.

Bi Mkorofi: Mwalimu kaingia darasani, simameni. Mimi nina shida na hawa wa siku hizi wanaojiita mabaharia na hata kivuko hawajapanda. Baharia wangu kaniachia mtoto na deni la kikoba.

Jongoo_Mjini: Sisi mabaharia hatuna wasiwasi dada, kwa hiyo sio waasi. Mzee yuko sahihi.

Mleta uzi: Wewe ndo umetumwa na yeye.

Chumvi_Nyingi: Mlivyotaja nyama mmenitonesha. Jumamosi nimechanga laki nzima kwenye harusi ya watu, napewa pilau ina kipande kimoja kama kifutio.

Kuli_Mstaafu: Wewe umepata kipande. Meza yetu tuliletewa mfupa, na ukiuangalia ulishanyonywa.

Jongoo_Mjini: Wapishi wanaficha nyama chini ya sufuria kwa ajili ya kamati, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Mleta uzi: Jamani. Kichwa.

Chumvi_Nyingi: Samahani mkuu, nyie harusi yenu laki unapewa kadi ya singo au dabo?