Naomba ushauri: Nimepungua uzito kwa kula mafuta, lakini kolesteroli imepanda

BintiKisauni: Assalaam alaykum. Tangu Mfungo Mosi nimeacha wali, mahamri na chapati, nikawa ninakula nyama yenye mafuta, mayai, samli na tui zito la nazi. Kiuno kimepungua na sukari imeshuka, ila kipimo cha juzi kimeonyesha kuwa LDL, ile kolesteroli mbaya, imefika 5.4. Je, niendelee?

MzeeWaLikoni: Waalaykum salaam, mwanangu. Sisi tumelelewa kwa tui, na babu yangu alikwea minazi hadi uzeeni.

MuuguziMstaafu: Babu alikwea mnazi, Mzee, huyu anaunywa. Dada, sukari kushuka si ajabu, kwa kuwa mwili ukikosa wanga insulini hupungua na ini hugeuza mafuta kuwa ketoni, nishati ambayo mwili huitumia badala ya sukari. Lakini mafuta yagandayo ya samli, nyama na nazi hulifanya ini lipunguze vipokezi vinavyoiondoa LDL katika damu, nayo hupenya kwenye kuta za mishipa na kujenga utando unaoiziba polepole pasipo maumivu yoyote. Kuna dawa unayotumia?

BintiKisauni: Nilipewa atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, mwaka jana, nikaiacha nilipoanza mlo huu.

MuuguziMstaafu: Ulipewa kwa sababu gani?

BintiKisauni: Marehemu baba alianguka kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 43.

Nahodha_Tudor: Samahani, uzi huu unanuka biashara. Kila akibanwa hutoa jipya, na kesho tutaambiwa kuwa anauza mafuta ya nazi.

BintiKisauni: Siuzi chochote, kaka. Karatasi ya maabara ninayo, na mshale umechorwa kando ya 5.4. HDL yangu, ile kolesteroli nzuri, ni 1.6 na trigliseridi, yale mafuta mengine ya damu, ni 0.8; nimesoma kwamba hizo zikiwa nzuri LDL haidhuru. Isitoshe, samli nimekwisha kununua kilo tano Marikiti.

MuuguziMstaafu: HDL nzuri haifuti LDL ya kiasi hicho. Ikifika 4.9, tena baba akiwa ameondoka mapema hivyo, madaktari hushuku ugonjwa wa kurithi, ambao kila mtoto wa mwenye nao ana nusu ya uwezekano wa kuupata. Rudi kwa daktari wiki hii, umwambie wazi kwamba dawa uliikatiza, na ndugu zako nao wapimwe. Wanga unaweza kuendelea kuupunguza, ila kwa jodari, kunde na mafuta ya alizeti.

BintiKisauni: Nitakwenda Jumatatu. Na samli je?

MzeeWaLikoni: Ivushe kwa feri, mwanangu. Nitaipokea mwenyewe.

MuuguziMstaafu: Mzee, wewe mara ya mwisho ulipima lini?