Anayetaka upasuaji wa urembo apimwe akili kwanza? Mi nasema ndiyo, karibuni mnipinge

Wakuu habari za jioni. Tangu hospitali ya Mloganzila hapa Dar waanze upasuaji wa urembo 2023 stori mtaani ni bei tu, shepu shingapi, kutoa mafuta shingapi, sijasikia mtu anauliza huyu anayeenda kupasuliwa, je, kichwani yuko sawa.

Kabla hamjanirukia, simsemi mama aliyezaa wanne anataka tumbo lirudi, wala aliyeungua moto. Nawasema wale ambao kasoro wanaiona wao peke yao. Ni ugonjwa kabisa, daktari mmoja Mtaliano, Morselli, aliuandika tangu 1891. Mtu anashinda kwenye kioo masaa, au anavikimbia vioo kabisa, hatoki nje kisa pua, na wewe ukiitazama hiyo pua huoni kitu. Kwa watu wa kawaida ni kama 2 kwenye 100, ila kwa wanaoenda kwa wapasuaji wa urembo tafiti zinaonyesha kama 13, na wanaotaka kuchongwa pua ni kama 20. Mmoja kwa watano jamani!

Binti wa shangazi yangu pua kaijaza kwa sindano za fila mara tatu kwenye kliniki moja hapa Dar, kila akitoka ana furaha wiki mbili halafu anaanza upya, mara ya mwisho akahamia kidevuni. Picha za harusi yake zote kaziba uso na maua, mi nikajua pozi kumbe mwenzangu anajificha. Pale kliniki hakuulizwa swali hata moja, hela ilipokelewa tu. Alikuja kupata nafuu kwa daktari wa akili, vikao vya mazungumzo na vidonge, pua ile ile.

Australia toka Julai 2023 huguswi na kisu cha urembo bila rufaa ya daktari wa kawaida, mpasuaji anakupima kwa maswali maalumu ya ugonjwa huu, na ukishasaini unasubiri siku 7 kwanza.

UPDATE: naona wengi mnasema mwili wake hela yake. Sawa, ila mgonjwa wa hivi mara nyingi hata upasuaji ukienda vizuri haridhiki, sasa hapo kanunua nini? Na wewe uliyeandika "kwa hiyo mnatupeleka Mirembe", hospitali ya wagonjwa wa akili, ndo nyie mnaofanya watu waogope kutibiwa.

Dada aliyesema mtu atadanganya kwenye maswali, hapo umenikamata, atadanganya kweli, binti yetu angedanganya mchana kweupe. Ila angalau angekuwa ameulizwa.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Mloganzila ni ya serikali, ukiamua kuweka daktari wa akili mlangoni unaweka. Huyu anayechoma watu fila chumba cha nyuma saluni, ndo mwenye wateja wengi, nani anaenda kumwambia?