Ushauri: 12 Januari twende Misali au pesa yote tutoe sadaka? Ukoo umegawika

BintiWete
Assalaam alaykum, na wasiokuwa Waislamu hamjambo. Nna jambo linanitia kichwa maumivu, nisaidieni kabla sijagombana na mtu.

Kwetu Wete, Pemba, Mapinduzi tunayafanya kama skukuu ya tatu baada ya Idi mbili. Kazi hakuna, ndugu wa Unguja wanapanda boti wanakuja, kunapikwa, watoto wanatolewa matembezi. Safari hii tarehe 12 imeangukia Jumatatu kwa hivo watu watakuja tokea Ijumaa. Tumechangishana kama kawaida na shemegi yangu alioko Maskati katuma pesa nzuri mashaallah, jumla inakaribia milioni na laki mbili. Hapo ndo fitina ilipoingia.

Kaka yangu mkubwa anataka tukodi fiba, boti ya mashine, twende kisiwa cha Misali sote, wakubwa kwa wadogo ni kama watu 30. Shangazi, ambae ndo mkubwa wa nyumba kwa sasa, kasema hawezi kuona pesa yote inakwenda kuogelewa baharini na huku kuna watu hawajui watakula nini, yeye anataka ipelekwe yote kwa wazee wa nyumba ya kulelea wazee Limbani. Na shemegi nae karusha voice ya dakika saba anasema nusu kwa nusu, ila hio nusu ya sadaka anataka video ya wazee wakipokea, na bango lenye jina la marehemu baba yake. Mie ndo nliopewa pesa kushika. Nifanyeje jamani? Na pia kama kuna mahali pengine pa kuwapeleka watoto pasipokula pesa nyingi niambieni.

Mvuvi_wa_Wesha
Waalaykum salaam. Mie nna chombo na hio njia ya Misali naijua, sikukatishi tamaa ila sikiliza. Watu 30 kwa fiba moja hakuna. Ni vyombo viwili au safari mbili, na mafuta ya mashine hayo peke yake yatakutafunia fungu kubwa la pesa yenu. Atakaekwambia "tutajibana tu" mkimbie, sie Wapemba baada ya meli ya Spice Islander kuzama 2011 hatutaki kuambiwa mara mbili habari za kujaza chombo. Ulizia maboya kabla hujauliza bei, na uyaone kwa macho, ya watoto yawe ya watoto, sio unamvisha mtoto wa miaka minne boya la baba yake akiingia majini linabaki juu yeye anashuka chini.

Uzuri wa Januari ni kaskazi, na Misali iko upande wa magharibi kwa hivo kisiwa chenyewe cha Pemba kinawakingia upepo. Lakini tokeni asubuhi. Kule hakuna duka, maji ya kunywa mnachukua wenyewe na kivuli cha kutosha watu wote mtakitafuta chini ya miti. Halafu ni hifadhi, ulizia kiingilio mapema, na waambieni watoto wasiokote makombe wala wasisogelee panapotaga kasa.

kijukuu_cha_Konde
Misali nzuri lakini kwa bajeti hio na bado mtoe sadaka mtaumia. Kodini gari mbili za abiria asubuhi mje kwetu Konde kisha mkate kwenda Makangale. Njia inapita katikati ya msitu wa Ngezi, watoto wa mjini wakiingia pale chini ya ile miti mikubwa wananyamaza wenyewe, baridi ghafla. Mkitoka mbele mna pwani mbili, Vumawimbi na Panga ya Watoro. Watu wote wanakimbilia Vumawimbi kwa sababu ya jina, ila hio inatazama mashariki na kaskazi likiwa kali mawimbi si ya mtoto. Nendeni Panga ya Watoro upande wa pili, maji yametulia unamuona mtoto hadi kiunoni. Na mwisho wa njia kuna mnara wa Kigomasha, wa chuma, umesimama tokea 1900, ukiruhusiwa kupanda juu unaona bahari pande zote.

Mkitoka huko shukeni mpaka Kidike mkawaone popo. Jioni jioni ndo wanaanza kuruka, wakubwa vile kama kunguru. Mwambie kaka yako hawa popo hawapo pengine popote duniani isipokuwa hapa kwetu, na zamani tukiwala mpaka walikaribia kumalizika.

Karafuu Mbichi
Mapinduzi Mapinduzi, kwani Pemba tunasherehekea nini hasa 😏

Mtu wa Ng'ambo
@Karafuu Mbichi hebu usituharibie uzi, dada kauliza mambo ya watoto na sadaka. Kila nyumba ina yake kuhusu 1964, wengine wanafurahi wengine wananyamaza, hayo yana pahala pake. Na mwaka 2025 sherehe zililetwa uwanja wa Gombani hapa Pemba na timu yetu ya Zanzibar Heroes wakachukua kombe mbele ya Burkina Faso, sikusikia mtu Chake akiuliza anashangiria nini 😂

Karafuu Mbichi
Ile ya mpira siikatai

ustadh_mdogo
Dada BintiWete, kwanza tenganisheni pesa kwa nia. Kama katika hizo kuna mtu katoa zaka ya mali yake, hio msiiguse kwa fiba wala pilau, zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratu Tawba aya ya 60 na ukoo wenu kwenda kuogelea haumo. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wanachanganya, mtu anatoa asilimia mbili na nusu yake halafu inaishia kwenye soda. Kama ni mchango tu na sadaka ya kujitolea hapo mna uhuru, muulizeni kila mmoja alinuia nini.

Pili, kumfurahisha mtoto na kuunga udugu si israfu, mwambie shangazi kwa adabu. Kuna hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba sadaka kwa maskini ni sadaka moja na kwa jamaa ni mbili, sadaka na kuunga udugu. Sasa kabla hamjafika Limbani jiulizeni katika ukoo wenu wenyewe hakuna mjane? Hakuna mtoto aliefiwa na baba? Mara nyingi yupo, na anakuja kwenye hio shughuli ananawa mikono anakula pilau anaondoka na shida yake, hakuna aliemuuliza.

Tatu habari ya bango. Aya ya 271 ya Suratul Baqara inasema mkizidhihirisha sadaka ni vizuri, na mkizificha mkawapa mafakiri ni bora zaidi kwenu. Kwa hivo kuonesha si haramu. Lakini kumuweka mzee wa watu mbele ya kamera ashike ndoo ya mchele na nyuma yake bango la jina la mtu mwengine, hapo mie moyo wangu haukubali.

Nesi_Mstaafu
Naunga mkono la mwisho la ustadh. Nimefanya kazi na wazee muda mrefu. Mwanangu usinunue kitu kabla hujakwenda kuuliza. Nenda wiki moja kabla, peke yako au na shangazi, onana na msimamizi muulize nini hasa kinahitajika sasa hivi. Watu wakisikia wazee wanakimbilia mchele, sukari na unga wa ngano, na mzee mwenyewe pengine ana ugonjwa wa sukari. Kumbe anachokosa ni nepi za watu wazima, mafuta ya kujipaka, kandambili zisizoteleza, betri za redio, mtu wa kumkata kucha. Kucha za miguu za mzee aliepooza zinakuwa ngumu kama kombe, unaziroweka kwanza kwenye maji ya uvuguvugu ndo unakata kidogo kidogo, na wakati huo yeye anakusimulia. Hicho hakinunuliki dukani na mabinti wakubwa wa nyumba yenu wanakiweza.

Pia msende watu 30. Watu sita wanatosha, wengine mtawachosha wenyeji. Na kama kuna vijana wenye afya zao kati ya hao wanaokuja kutoka Unguja, wapeleke hospitali ya Chake wakachangie damu, bure kabisa.

BintiWete
Jamani Allah akulipeni. Nesi umenigusa, shangazi nlipomsomea ya kucha kacheka kasema "huyo anajua". Ustadh nae nimeuliza, zaka hamna, ni mchango tu.

Lakini shemegi bado. Anasema bila video pesa yake aitumie njia nyengine. Kaka yangu kakasirika anasema rudisha pesa ya watu. Mie sitaki kurudisha, ni nyingi na watu wanaihitaji.

Maskati_lakini_Mpemba
Naomba nizungumze kwa niaba ya sie wa huku maana kila mtu anamuona shemegi mbaya. Unajua kwa nini tunataka video? Kwa sababu tunatuma na hatuoni kitu. Mie nlituma pesa ya kuchimba kisima, nikaletewa picha ya shimo, nikatuma tena, nikaletewa picha ya shimo lile lile kwa upande mwengine. Tunafanya kazi kwenye joto la digrii 45 dada, hatuoti pesa. Kwa hivo usimchukulie kuwa anataka sifa, pengine anataka kujua imefika.

Mpe anachotaka bila ya kuwavunjia watu heshima. Rikodi mkiwa dukani, vitu vikihesabiwa, risiti ionekane bei na tarehe. Rikodi vikipakiwa kwenye gari. Rikodi mlango na msimamizi akisema vimepokewa, kama mwenyewe karidhia. Kule ndani zima simu. Jina la baba yake mwambie litasomwa kwenye dua, sio bango, na hio dua mrikodi sauti tu mumtumie. Akisikia watu wanaitikia amina kwa jina la baba yake atalia, hatokumbuka bango.

Mtu wa Ng'ambo
Hapo ndo penyewe 👏 la sauti ya dua mie nimelichukua

kijukuu_cha_Konde
Naengeza moja. Gari ikiwa mshaikodi nafasi ya mtoto mmoja zaidi haina bei. Badala ya kutafuta maskini wa kumpelekea mfuko, chukueni watoto wa jirani ambao hawatolewi. Kila mtaa wapo, siku ya skukuu utawaona wamekaa barazani wanaangalia wenzao wanavopita na nguo mpya. Waombeni kwa wazee wao kama mnavoomba mtoto wa rafiki, "tunamtaka aje acheze na wetu", basi, sio mseme ni msaada. Sie tuliwahi kutolewa hivo na jirani, tukapelekwa Pujini kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani, yule babu akatuhadithia namna watu walivokuwa wakibebeshwa mawe kichwani huku wanakwenda kwa makalio, tukarudi tumejaribu njia nzima mpaka kaptula zimetoboka. Hakuna alietwambia kama sie ni wa kusaidiwa na mie nimekuja kufahamu mtu mzima.

Bi Halua
Hili la @kijukuu nimelipenda. Ila nguo muangalie, wenu wasivae sare mkawaacha wale wa jirani wanajulikana kwa mbali. Na msisahau halua yetu ya Wete kwa wageni wa Unguja, wasije wakarudi wanasema wamelishwa biskuti.

Karafuu Mbichi
Mie nlianza kwa utani lakini nina gari ya abiria njia ya Konde, siku ya tarehe 12 watu wengi hawatoki asubuhi mapema. BintiWete ukitaka nitakufanyia bei ya udugu, mafuta mtie nyie.

BintiWete
Kwanza @Karafuu Mbichi nimekuona, nakuja inbox, na ole wako unifanyie bei ya mtalii.

Tumekaa jana usiku. Misali imeahirishwa mpaka Idi tukijaaliwa, kaka kanuna kidogo lakini alipoambiwa habari ya mnara kakubali, anapenda kupanda vitu. Jumapili mimi, shangazi na mabinti wanne Limbani, nshaonana na msimamizi kanipa orodha na kweli mchele haumo. Jumatatu Ngezi na Panga ya Watoro, na watoto saba wa mtaani tushawaombea ruhusa, mama mmoja kaniuliza "wachukue na nini?" nikamwambia kanga ya kujifutia tu. Katika ukoo ustadh alisema kweli, tuna mtoto wa marehemu ami yangu anaanza skuli mwezi huu, sare na viatu tumevitoa kimya kimya kwenye fungu la shemegi na yeye mwenyewe tumemwambia, karidhia, katuma na ya mkoba. Bango kaliacha. Video ya dukani kasema lazima aione bei ya nepi maana haamini.

Kilobaki ni shangazi. Gari ya njia ya kona nyingi inamtapisha na anataka kukaa mbele, na mbele pia anapataka kaka. Mwenye dawa ya kutapika garini aseme.

Nesi_Mstaafu
Asile mafuta asubuhi, chai ya tangawizi na kipande cha mkate mkavu, na asiangalie simu njiani. Kiti cha mbele apewe yeye, kaka yako apande nyuma na watoto.

Karafuu Mbichi
Gari yangu mbele wanakaa wawili