Tupeane uzoefu: dramu za breki za lori kuukuu zilizoganda, ulizitoaje?

Spana Kumi na Saba
Wakuu, leo nimeletewa lori lililolala nje mvua zote likiwa limevutwa handibreki. Injini inawaka vizuri, lakini tairi za nyuma hazitaki kuzunguka. Ukitia gia linajikunja kisha linazima. Nimekumbuka mbali sana. Najua humu wamo waliohangaika na dramu (lile bakuli la chuma la breki linalozunguka na tairi) mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Hebu tuandike: kwako kiliganda nini, na kilitokaje?

Msimamo wangu ni huu: kabla ya kushika nyundo ujue kilichoganda. Shuu (vile vipande vya upinde vinavyoibana dramu kwa ndani) kushikana na dramu kwa kutu ni jambo moja. Pistoni kukwama ndani ya wili silinda, ile inayosukuma shuu kwa mafuta, ni jingine. Waya wa handibreki kuota kutu ndani ya ala yake ni jingine kabisa. Nimeona watu wakivunja dramu nzima wakati aliyekataa ni waya.

Kijana wa Gereji
Nyundo. Ikikataa, nyundo kubwa kuliko hiyo.

Bi Grisi
Mdogo wangu, dramu ni chuma cha kusubu. Ukiipiga ukingoni inamegeka au inapata ufa usiouona mpaka siku ya breki ya ghafla. Ukipiga, piga usoni, katikati ya stadi (bolti za kufungia tairi), na uweke kipande cha mbao ngumu au shaba. Dramu nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi pale usoni. Ukifunga bolti humo kwa zamu, kidogo upande huu kidogo upande ule, dramu inajisukuma yenyewe. Safisha kutu ya matundu hayo kwanza. Watu wanayapita kila siku hawajui ni ya nini.

Halafu kuna lile linalowatesa wengi: shuu zimekula dramu miaka na miaka, pale mwisho pakabaki ngazi ya chuma isiyoguswa. Dramu inazunguka, inacheza, lakini haitoki, kwa sababu shuu zimenasa nyuma ya ngazi ile. Hapo hata upige mpaka jioni. Rudi kwenye kitundu cha sahani ya nyuma, toa kifuniko cha mpira, ulegeze ajasta (kirekebisha nafasi kati ya shuu na dramu) kwa bisibisi. Kama ni ajasta ya kujikaza yenyewe, usukume kwanza ule ulimi wa chuma unaozuia gurudumu la meno, vinginevyo utayala meno yote.

mama_lori
Hiyo ya ngazi ni kweli tupu. Ilinipotezea siku nzima.

Dereva wa Usiku
Mimi nataka kusema juu ya mpira wa breki, ule mrija laini unaopitisha mafuta, maana hakuna anayeushuku. Gari langu lilikuwa linashika tairi la mbele kushoto kila nikikanyaga breki mara kadhaa. Ukisimama muda, linaachia. Fundi akabadilisha wili silinda, akabadilisha shuu na springi. Hali ile ile, na dramu inanuka kuungua.

Alikuja mzee mmoja, hakufungua kitu. Aliomba tairi linyanyuliwe, breki ikanyagwe mpaka ishike, kisha akalegeza nati ya bomba la chuma pale linapoingia kwenye mpira, upande wa masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali ya breki). Tairi halikuachia. Akafungua nipeli ya kutolea upepo: mafuta yakaruka, tairi likawa huru. Akasema tatizo limo ndani ya mpira. Tulipoukata, tundu lilikuwa limevimba na kuziba karibu lote. Mguu wako unasukuma mafuta yakapita, lakini springi za shuu hazina nguvu ya kuyarudisha. Nje mpira ulikuwa unang'aa kama mpya.

Utingo wa Zamani
Mmenikumbusha siku ambayo sikuwahi kuiandika popote.

Lori tani saba, tairi la nyuma kulia limeganda. Mahali tulipokuwa ukitazama kwa macho unaapa ni tambarare. Bosi akaachia handibreki ili shuu zilegee, akaliacha kwenye gia, akapiga jeki kulia. Stendi ilikuwepo ndani ya boksi, haikutolewa. Tairi za mbele hazikuwekewa hata jiwe. Alisema, "Gari limeganda hili, litakwenda wapi?" Nikaambiwa niingie chini nilegeze ajasta.

Nikalala chali, bisibisi mkononi, kutu inaniingia machoni. Ajasta ikagoma, ikagoma, kisha ikaanza kuja jino baada ya jino. Bosi akagonga dramu kwa nje. Nikasikia *tak!* Ndipo nikaona kitu ambacho sikukielewa: lile tairi lililo hewani linazunguka lenyewe, kinyumenyume. Hakuna mtu aliyeligusa. Nikageuza shingo, nikaona jeki imelala upande.

Sikumbuki nilitokaje. Nakumbuka kubingirika, na kishindo cha ekseli ikishuka. Jeki ilichomoka ikanipiga muundi, kovu ninalo hadi leo. Mwenzangu ndiye aliyerusha gogo mbele ya tairi la mbele, lori likapanda juu yake likasimama. Pale nilipokuwa nimeweka kifua palikuwa na tairi.

Kilichokuwa kinalishika lori ni ile breki iliyoganda. Na mimi ndiye niliyekuwa naifungua.

mama_lori
Alhamdulillahi umetoka salama kaka yangu. Nimesoma nikiwa nimesimama.

Kijana wa Gereji
Pole sana mkuu. Ila sielewi, si lilikuwa kwenye gia? Gia inashika gari.

Bi Grisi
Gia inashika shafti (mhimili unaotoka gia kwenda nyuma), haishiki tairi moja moja. Difu ya kawaida, zile gia za katikati ya ekseli, inaruhusu tairi moja liende mbele na la pili lirudi nyuma huku shafti imetulia. Lililo hewani lilipoachia, lililo chini likapata ruhusa ya kubingirika. Ndiyo maana aliona linazunguka kinyume. Nyanyua tairi moja la nyuma na gia haina kazi tena. Kabari tairi zinazobaki chini, mbele na nyuma, na uzito ukae kwenye stendi. Sitaki kusikia habari ya "dakika moja tu".

Moto wa Gesi
Turudi kwenye mada. Zungushia dramu moto wa gesi kwenye shimo la katikati, inatanuka, inaachia habu (kitovu cha gurudumu). Nimefanya hivyo miaka yote.

Bi Grisi
Na mipira ya wili silinda? Na oili sili? Na grisi ya beringi?

Moto wa Gesi
Hivyo vyote unabadilisha, dada. Lori limelala misimu yote hiyo, utarudisha mipira ile ile?

Dereva wa Usiku
Hapo ana hoja. Lakini wanaotumia moto wasipulizie kabla ile dawa ya kusafishia breki yenye klorini. Ikipata joto kali inatoa fosijini, gesi ya sumu inayoharibu mapafu.

mama_lori
Na vumbi je? Kwetu wanapuliza kwa kompresa, gereji nzima inakuwa jivu.

Bi Grisi
Wakome. Laini (bitana za shuu) za zamani zilikuwa na asibesto, vumbi lake lina sumu. Lowesha, futa kwa kitambaa, kitupe kikiwa kibichi.

Utingo wa Zamani
Na wenye breki za upepo msifuate haya ya ajasta mkadhani ni yale yale. Chemba ya nyuma (lile kopo la upepo linalosukuma breki) ina springi iliyobanwa ndani. Ifungieni kwa bolti yake maalumu kabla ya kuitoa, na ile kola (pete ya kubana) ya chemba ya springi isifunguliwe kabisa.

Spana Kumi na Saba
Nimerudi. Kabari mbele na nyuma, stendi mbili, hakuna mtu chini. Waya wa handibreki ulikuwa mzima. Kulia ilikuwa kutu ya shuu, ikaachia kwa bolti mbili za usoni. Kushoto pistoni moja imekwama kwenye wili silinda, na mafuta ya breki ni meusi kama kahawa. Naagiza wili silinda mbili, shuu za pande zote mbili na mipira yote. Dramu nitazipima kwanza. Kipimo cha mwisho cha kipenyo kimegongwa pale ukingoni.

Moto wa Gesi
Kushoto usifungue mpaka umalize kulia, ili uwe na pa kutazamia springi zinavyokaa.

Spana Kumi na Saba
Nimeshafungua zote, ila nilipiga picha kwanza.