Tupeane uzoefu: mwanamichezo ukivaa vyako mtaani, Arusha na Moshi wanakuchukuliaje?

Kiungo Mkabaji
Wakuu, habari za jioni. Leo mchana nilikuwa kwenye kifodi, daladala zetu za Arusha, cha Sakina, akapanda binti mrefu, traksuti ya timu, raba mkononi, ndala mguuni. Konda akamwangalia toka chini mpaka juu, akasema, "Jike dume, sogea nyuma." Gari zima likacheka. Binti hakujibu, aligeuzia uso dirishani mpaka aliposhuka. Mimi nilikaa kimya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka saa hizi, maana maneno hayo nayajua yanavyochoma.

Mimi nacheza mpira. Si mshahara wa kutamba, lakini ndiyo ugali wangu. Miaka 6 iliyopita nilikwenda ukweni Machame kujitambulisha. Siku hiyo tulitoka mazoezini tumechelewa, gari likatuharibikia njiani, nikaona bora nifike kwa wakati na traksuti ya klabu kuliko kumweka mzee akinisubiri. Kichwani nilikuwa na kiduku. Mzee alinipokea vizuri, akanipa kiti, akauliza, "Kijana, unafanya kazi gani?" Nikasema nacheza mpira. Akasema, "Hilo nimeliona kwenye nguo. Nauliza kazi." Mshenga wangu akainamisha kichwa akaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

Traksuti ileile Jumamosi uwanjani inapigiwa makofi. Jumapili sebuleni kwa watu inakuwa ushahidi kwamba mimi mhuni. Mwenye yake aweke hapa.

Mtoto wa Pasua
Umenikumbusha mbali mkuu. Traksuti siku ya kazi, basi huna kazi. Moshi ndivyo ilivyo.

Nyavu Juu
Na ukivaa vizuri hupumui pia. Mimi wa voliboli. Nilinunua suti ya mtumba pale soko la Memorial, 25,000, fundi akaipunguza kiuno, ikanikaa. Kesho yake mtaa mzima unasema nimeuza mechi.

Dada wa Mbio
Nyie wanaume mnaitwa wahuni. Sisi tunaitwa jina baya zaidi, mnalijua.

Nakimbia mbio ndefu, nafanya mazoezi barabara ya kupandisha Kibosho. Taiti na fulana, basi. Mwaka wa kwanza bodaboda wa kijiweni walikuwa wananifuata taratibu na pikipiki, taa wamenimulika mgongoni, wanataja bei. Bei, jamani! Saa 12 asubuhi. Halafu taarifa zikafika nyumbani kabla yangu: mama aliitwa pembeni baada ya ibada, akaambiwa binti yake anatembea uchi barabarani. Mama hakunigombeza. Alikuja chumbani, akaweka kanga kitandani, akatoka.

Tangu siku hiyo natoka nyumbani nimefunga ile kanga juu ya taiti. Nikivuka nyumba ya mwisho kuna mgrevilea una panda mbili, naivua, naikunja mara nne, naiweka pale katikati ya panda. Nikirudi naichukua. Kama mvua imenyesha naifunga ikiwa imelowa, inanigandia miguuni mpaka mlangoni. Mwaka wa 4 huu.

Baba Watatu
Pole dada. Lakini tuseme ukweli, jamii yetu ina maadili. Mbona zipo bukta pana? Hata sketi za michezo zipo. Heshima haimpunguzii mtu kasi.

Dada wa Mbio
Baba Watatu, shikamoo. Umewahi kukimbia km 30 na bukta pana wakati wa joto? Kitambaa kinasuguana na paja mpaka linachubuka, ukioga unalia. Taiti inazuia hilo. Ni nguo ya kazi kama ovaroli ya fundi gereji.

Filbert Bayi, mtu wa Karatu huko, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Kavaa bukta fupi ya enzi zile, mapaja yote nje, na picha yake tunaionyesha watoto kwa fahari. Magdalena Shauri alikuwa wa tatu marathoni ya Berlin 2023 kwa saa 2:18:41. Yeye mlitaka avae gauni?

Baba Watatu
Sijasema gauni. Usinilishe maneno. Berlin ni Berlin, Kibosho ni Kibosho.

Chalii wa Kijenge
Baba Watatu, mabinti zako wakianza kukimbia utakuja kufuta hii posti.

Baba Watatu
Mabinti zangu wanasoma.

Dada wa Mbio
Na mimi nilisoma, baba yangu.

Kikapu cha Soweto
Tusidhani ni hapa tu. Marekani 2005, kamishna wa NBA, ligi yao ya kikapu, wakati huo, David Stern, aliweka kanuni ya mavazi: mchezaji akiwa kwenye shughuli za ligi asivae cheni juu ya nguo, kofia, vitambaa vya kichwa wala fulana. Mchezaji nyota Allen Iverson alipinga waziwazi, na wengi walisema kinacholengwa ni vijana weusi na mavazi ya mtaani kwao. Leo wachezaji wa NBA hiyohiyo wanapigwa picha wakiingia uwanjani kama maonyesho ya mitindo.

Mimi nina urefu wa futi 6 na inchi 5. Nikivaa suruali pana naulizwa kama nauza bangi. Nikivaa ya kunibana naulizwa kama mimi ni mwanaume kamili. Nimeacha kujibu.

Kilomita Arobaini
Sikupanga kuandika, nimesoma tu. Lakini ya huyo binti wa kwenye kifodi imeniamsha.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Arusha ya kutoa moshi mdomoni. Nimetoka Ngaramtoni saa 11 kasoro alfajiri, nina mbio ndefu, km 32. Nimevaa sweta lenye kofia, nimeivuta mpaka kwenye nyusi, glovu nyeusi, taiti nyeusi. Usiku huo duka moja la kando ya barabara lilikuwa limevunjwa, mimi sina habari. Nakata kona nasikia filimbi, halafu sauti ya mtu: "Yule anakimbia!"

Anakimbia. Kwangu hiyo ndiyo kazi.

Pikipiki mbili zikanipita zikanikatia mbele, nyuma nasikia miguu. Ndugu zangu, nilikuwa na pumzi na nilikuwa na miguu. Ningekata kwenye mahindi wasingeniona tena, na mwili wote ulikuwa unataka kufanya hivyo. Nikasimama. Nikapiga magoti pale kwenye vumbi, nikavua kofia, nikanyoosha mikono juu. Kofi la kwanza lilinipata sikioni. Hilo sikio mpaka leo kukiwa na baridi linavuma. Mmoja anasema, "Muulize glovu za nini." Nikasema mimi mwanariadha. Wakacheka, "Mwanariadha wa maduka." Kulikuwa na kijana amebeba jiwe kwa mikono miwili, hasemi kitu, ananiangalia kichwa tu.

Aliyeniokoa ni mama wa maandazi. Alikuja mbio na upawa wa matundu mkononi, mafuta yanadondoka. Akapenya, akasimama mbele yangu. "Huyu ananipita hapa kila siku ya Mungu! Hata akihema ananiamkia! Mulikeni miguu yake!" Wakamulika. Raba za kijani, soli imelika upande wa nje. Saa mkononi bado inahesabu: dakika 23 na sekunde kadhaa. Yule wa jiwe akaliweka chini taratibu, kama mtu anayetua yai. Hakuna aliyeomba msamaha, walitawanyika tu. Saa sikuizima mpaka nilipofika nyumbani.

Alphonce Simbu wetu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, Septemba 2025, akimpita Mjerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde, kile kijiwe cha bodaboda kilipiga honi asubuhi nzima. Nilisimama nao nikashangilia, nilifurahi kwa moyo wote. Lakini nilikuwa naangalia mikono yao, natafuta iliyobeba jiwe.

Mtoto wa Pasua
Daah.

Kiungo Mkabaji
Mkuu, nimesoma mara mbili. Pole sana.

Mdau wa Mbauda
Pole, lakini kofia mpaka machoni, glovu nyeusi, alfajiri, ulitegemea wakuite mchungaji? Wizi umezidi huku, watu wamechoka.

Chalii wa Kijenge
Kwa hiyo mtu afe kwa sababu ya sweta? Una akili wewe?

Mdau wa Mbauda
Sijasema afe. Nasema avae kitu cha kung'aa, kizibao cha rangi ya chungwa aonekane kwa mbali.

Nyavu Juu
Kizibao? Hapa mjini wenye vizibao ni bodaboda. Atakimbia km 32 anasimamishwa aulizwe mpaka Sakina bei gani.

Kikapu cha Soweto
Aandike jina mgongoni, kubwa.

Dada wa Mbio
Usiandike jina kaka. Mimi niliandika, wakaanza kuniita kwa jina. Kimbieni kundi, watu watano hawafanani na wezi.

Mtoto wa Pasua
Watano waliovaa kofia ndio wanafanana zaidi! Njoo Moshi, huku tumezoea wakimbiaji, tuna Kilimanjaro Marathon toka 2003.

Dada wa Mbio
Moshi hiihii ya kanga yangu kwenye mti? Mmezoea siku moja kwa mwaka.

Baba Watatu
Kijana, mimi ushauri wangu ni mmoja: endelea kuamkia watu. Hiyo shikamoo ndiyo iliyokuweka hai. Na Dada wa Mbio, nimerudi kusoma ile ya mama yako kuweka kanga kitandani. Sikuwa nimeisoma vizuri.

Dada wa Mbio
Asante baba.

Kiungo Mkabaji
Kilomita Arobaini, yule mama bado yupo?

Kilomita Arobaini
Yupo palepale. Nilimaliza Kilimanjaro Marathon nikampelekea medali. Hakuivaa, alisema itaingia mafuta. Ameitundika kwenye msumari juu ya jiko, na mkanda wake umeshageuka rangi kwa moshi. Mteja akiuliza ya nani, anasema, "Ya kijana wangu anayekimbia."