Naomba ushauri: tumekaribishwa Ankole mpaka nashindwa kuaga

Msafiri wa Ziwani
Wakuu, habari za usiku. Niko Uganda na rafiki zangu wawili, tumetoka Mwanza na Noah yangu, tukavukia Mutukula, safari ikiwa ni ya Ziwa Bunyonyi. Tulipoipita Lyantonde kidogo, tunaelekea Mbarara, rejeta ikapasuka. Tumefungua boneti, mvuke unafuka, akasimama mzee mmoja na pikapu yake ya madumu ya maziwa. Akatufunga kamba, akatuvuta mpaka kwake.

Leo siku ya tano. Gari limeshapona tangu juzi. Asubuhi tunaletewa maziwa kwenye chombo cha mti chenye kifuniko cha kusukwa kilichochongoka, yananukia moshi kwa sababu chombo hufukizwa kwa majani makavu. Jana mama mwenye nyumba alitutengenezea eshabwe. Nilikaa naye jikoni nikitazama: samli anaikoroga na maji na chumvi ya mawe, anaikoroga tu, mpaka ile njano ikapotea ikawa nyeupe kabisa. Tukaila ya baridi, na matoke.

Nilipompa pesa aliukunja mkono wangu akaurudisha. Sasa naombeni ushauri, niwaachie nini, na niageje? Sipati usingizi.

Mama Bombo
Sukari, sabuni ya mche, majani ya chai, chumvi. Hapa Uganda vitu hivyo mgeni huja navyo mkononi, lakini hata sasa hujachelewa. Mpe mama, usimpe mzee. Pesa usirudie tena kumpa.

Tingo wa Malaba
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ya tano hata kinyesi cha ng'ombe hujazoa zizini!
Ila umenikumbusha mbali, mkuu. Mwaka fulani tulikwama Malaba siku tisa, karatasi za mzigo zina kasoro, posho imekwisha. Dada mmoja wa rolex alikuwa ananikunjia chapati na mayai mawili kila asubuhi, anasema utalipa. Niliporudi na pesa yake nikakuta kibanda kimevunjwa, na hakuna aliyejua alikohamia. Mpaka leo nikipita pale natazama kila jiko. Lipa ukiwa bado unamwona mtu.

Mwanakyaka
Sukari haimnyimi mtu mzima usingizi. Mkuu, umepokea nini hapo?

Msafiri wa Ziwani
Hakuna kikubwa. Ni ukarimu tu umenizidi.

Mwanakyaka
Umepokea nini?

Msafiri wa Ziwani
Sawa. Jumapili mzee alinipeleka zizini, akanionyesha mtamba, mwekundu wa kahawia, pembe ndiyo kwanza zinaanza kupanda. Akasema huyu wako. Kaka zake wapo, wazee wa jirani wapo. Nikapokea. Ningefanyaje? Kukataa ng'ombe mbele ya watu kama wale ni kumtemea mtu mate.

Mwanakyaka
Nimesoma hapa nikanyamaza kwanza. Mwaka 1978 askari wa Amin walipovuka kuingia kwetu Kagera, ng'ombe wa babu yangu waliswagwa wote wakavushwa. Hakurudi hata ndama. Babu alikufa akiwataja majina, mmoja mmoja. Leo mtu wa upande ule anampa ng'ombe kijana wa Mwanza. Nimefurahi, sikufichi.
Lakini ujue ulichokipokea. Ng'ombe wa urafiki kwa Wanyankole anawafanya ndugu. Ipo siku mzee atakuwa na haja, na wewe hutakuwa na mdomo wa kukataa. Au ameshaomba?

Msafiri wa Ziwani
Ameomba. Mwanawe wa mwisho, miaka 15, aje Mwanza akae kwangu asome. Nikasema aje. Tunaondoka naye Jumamosi.
Kabla hamjanirukia: chumba ninacho. Mimi mwenyewe nilisomeshwa kwenye nyumba ya watu, nisingefika popote. Neno nimeshalitoa, silirudishi. Tatizo ni mke wangu, hajui lolote.

Tingo wa Malaba
Ee Mungu wangu.

Mtoto wa Kabalagala
Wakuu, mnakunywa chai hapa, tena ya moto. Wiki hii huyu kaweka picha kwenye uzi wa magari, amesimama kwenye duara la Ikweta pale Kayabwe. Kayabwe iko kati ya Masaka na Kampala! Anayetoka Mutukula kwenda Lyantonde akifika Masaka anakata kushoto, Kayabwe haioni. Halafu huyo mzee wa Kinyankole anaombana ng'ombe na watoto kwa lugha gani?

Mama Bombo
Hata mimi hapo nimeshtuka. Msafiri, jibu.

Msafiri wa Ziwani
Tulianzia Kampala, kuna rafiki alikuwa anaoa. Kayabwe tulipiga picha wakati wa kurudi, ndipo tukashika njia ya Mbarara. Sikuona haja ya kueleza yote.
Kiswahili mzee anakijua. Mwaka 1979 wanajeshi wetu walipopita kwenda Mbarara alikuwa kijana, anachunga, akawa anawachotea maji. Barabarani hakusimama kwa sababu ya mvuke. Aliona namba ya gari, ya njano, inaanza na T. Ndilo neno la kwanza aliloniambia: "Watanzania?"

Mtoto wa Kabalagala
Haya, naomba radhi. Lakini mtoto hapiti mpakani kama dumu la samli.

Mama Bombo
Hapiti. Kunahitajika hati yake ya kusafiria, barua ya wazazi wote wawili, na barua ya mwenyekiti wa LC1 wa kijiji. Mkisimamishwa Mutukula ukaulizwa huyu mtoto wa nani, utajibu nini? Na toka jana unasema mzee, mzee. Mama yake amesema nini?

Msafiri wa Ziwani
Hajasema. Nami sikumuuliza.

Mama Bombo
Nenda jikoni kwake.

Msafiri wa Ziwani
Nimerudi, wakuu. Leo ni Ijumaa. Nilimkuta anaosha vyombo vya maziwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kijana amalize kwanza mwaka wake wa shule hapa, na yeye mwenyewe atamleta, aione nyumba atakayolala. Nikamweleza mzee. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza shule zetu zinafunguliwa lini. Nikamwambia Januari. Akaniambia mtamba wangu nimpe jina kabla sijaondoka.

Mke wangu nimemrekodia sauti ya dakika sita, sikuficha kitu. Amesikiliza saa mbili usiku, tiki za bluu naziona. Hajajibu.