Mjaribu kafukuzwa, akili mnemba inasifiwa, simu za usiku napigiwa mimi

Wakuu, salamu zitakuja baadaye. Nina hasira.

Wiki hii bosi wetu kamwondoa kazini dada aliyekuwa anaujaribu mfumo kabla haujaenda kwa wateja. Sababu? Kasoma mahali kwamba robo ya kodi mpya ya Google (yaani maandishi ya programu, si kodi ya TRA) inaandikwa na akili mnemba. Akarusha kiungo kwenye grupu la ofisi na chini yake akaandika: "Sisi tunasubiri nini?"

Kwanza habari yenyewe ni ya Oktoba 2024, imeshaota ukungu. Pili, Sundar Pichai, bosi wa Google, aliposema zaidi ya robo hakuishia hapo. Alisema kodi hiyo inazalishwa na akili mnemba, kisha inapitiwa na kukubaliwa na wahandisi. Bosi kashuka kituo kimoja kabla ya mwisho wa sentensi, na huko alikoshuka ndiko kakutana na barua ya kumwachisha mtu kazi.

Huyo dada hana digrii ya kompyuta. Ana Tecno yenye kioo kilichopasuka na ana roho mbaya ya kikazi. Mfumo wetu ni wa mikopo ya vikundi. Siku yake ya kwanza aliomba mkopo wa hasi laki tano. Mfumo ukakubali, tena ukamwandikia deni kama akiba. Sisi madevu watatu, yaani waandika programu (hata tusio na ndevu), tulikuwa tumekaa na fomu ile miezi miwili. Nikamuuliza, "Dada, nani mwenye akili timamu ataomba mkopo wa hasi?" Akanijibu, "Mimi nimeomba, na nimepewa."

Mtu wa hivyo ndiye kapunguzwa "kubana matumizi".

Sasa kwa kuwa bosi anapenda habari za teknolojia, mbona ile ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, hakuituma kwenye grupu? Ijumaa, Julai 19, 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu, jamaa walisambaza faili dogo la apdeti kwenye programu yao ya ulinzi. Windows zikaanza kuanguka na skrini ya bluu, ukiwasha zinaanguka tena. Saa 2:27 walishaliondoa faili, yaani dakika 78 tu, lakini Microsoft walikadiria kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeshaguswa. Viwanja vya ndege, benki, hospitali. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari kama 7,000. Na mashine iliyoanguka hivyo mara nyingi huwezi kuitibu ukiwa mbali: mtu anaifuata ilipo, anaiwasha kwa hali ya usalama, anafuta faili kwa mkono, anahamia nyingine. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, atafute kwanza ufunguo wa kuifungulia, na huenda orodha ya funguo iko kwenye seva ambayo nayo imeanguka. Hapo ndipo mlipo wahuni wa IT, nawapa pole hadi leo.

Chanzo? Kwa lugha ya harusini: kadi zilitoka 21, viti vilipangwa 20. Programu ikaenda kusoma kiti cha 21 ambacho hakipo, na kwa kuwa inafanya kazi ndani kabisa kwenye kiini cha Windows, ilipojikwaa ikaangusha ukumbi mzima. Huko nyuma kosa halikuonekana kwa sababu kwenye majaribio ile nafasi ya 21 iliwekewa "yeyote apite", hivyo hakuna aliyewahi kuuliza nani kakaa pale. Kulikuwa na programu ya kukagua faili kabla halijatoka. Nayo ilikuwa na hitilafu, ikapitisha. Na faili likatumwa kwa wote kwa mpigo badala ya kuanza na wachache. Mama ntilie anaonja mchuzi kabla ya kupakua, jamani!

Baada ya hapo washirika wao waliosumbuka wakatumiwa vocha ya Uber Eats ya dola 10. Ilitumika kwa wingi hadi Uber wakaiona kama utapeli, wakaizuia. Mimi hapo ndipo nilipocheka hadi mke wangu akaja kuniangalia.

Novemba 18, 2025 ikawa zamu ya Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi duniani hupitia kwake. Walibadilisha ruhusa kwenye hifadhidata, orodha ya kutambulia roboti ikaanza kutoka na mistari inayojirudia, faili likanenepa mara mbili na kuvuka kikomo cha vipengele 200. Programu ya kulisoma ilitakiwa ilikatae iendelee na maisha. Ikaamua kufa. X ikayumba, ChatGPT ikayumba, mpaka Downdetector, tunakokimbilia kuangalia nani yuko chini, nayo ikawa chini. Ilikuwa saa nane na ushee mchana. Bosi akanipigia: "Kijana, umegusa nini?"

Sijagusa kitu, mzee! Nilikuwa nakula wali maharage!

Msinijie hapa na "unaiogopa akili mnemba". Naitumia kila siku, na inaandika fomu ya mkopo vizuri kuliko mimi. Nimeijaribu juzi. Ile fomu ilikuwa safi, ina maelezo, ina rangi, na hasi laki tano ilipita bila kuulizwa jina.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini kasema mjaribu angekuwepo au asingekuwepo, CrowdStrike wangeanguka tu. Mkuu, wao wenyewe baada ya ajali walisema wataongeza majaribio na watakuwa wanasambaza kwa awamu. Sasa hizo awamu kwetu zilikuwa dada mmoja na Tecno yake.

NYONGEZA 2: Bosi kaandika sasa hivi kwenye grupu. Toleo jipya linapanda leo saa kumi na moja jioni, wateja wote kwa pamoja, "tusiwacheleweshe". Leo Ijumaa. Nimejibu "sawa bosi". Simu imejaa chaji, bando ninalo, na wife nimeshamwambia asinisubiri kula.